Mtoto Mahututi na Mashine ya Kuchuja Damu



Mazungumzo haya yahusu jambo ambalo hapana mzazi atamaniye kulisikia, lakini likimfikia halimpi nafasi ya kwenda kuuliza. Ni afadhali basi lisikiwe leo, watu wakiwa wametulia, kuliko lisikiwe usiku wa manane mlangoni mwa wodi.

Chukueni mfano wa mtoto wa miaka mitatu. Asubuhi alicheza uani na wenzake. Adhuhuri mwili ukapata moto, mama yake akampangusa kwa kitambaa cha maji. Magharibi akakataa uji, akawa anapumua upesi upesi. Usiku mikono na miguu yake ikawa baridi, ilhali kifua chawaka. Akiitwa hafumbui macho sawasawa. Na tangu alasiri hajakojoa. Watu wa nyumba wakaishika mikono ile, wakasema: “Alhamdulillahi, homa imeshuka, mwacheni alale mpaka kuche.” Kumbe homa haikushuka. Damu ndiyo iliyoshindwa kufika mikononi.

Hali hii madaktari huiita sepsisi, neno la Kigiriki ambalo asili yake ni kuoza. Chanzo chake ni vijidudu vya maradhi vilivyoingia mwilini kwa mlango wowote: kichomi, kuhara, homa ya uti wa mgongo, jeraha lililoachwa bila kuoshwa, au kitovu cha mtoto mchanga. Mwili umeumbwa na askari wake wa kupambana na wadudu hao. Lakini mara nyingine askari hupita kiasi, wakaanza kubomoa nyumba ile ile waliyowekwa kuilinda. Mishipa midogo hulegea na kuvuja. Maji ya damu hutoka mishipani yakaingia katika nyama za mwili. Msukumo wa damu huanguka. Na moyo, ubongo, ini na figo hukosa riziki yao. Ikifika hapo, huitwa mshtuko wa sepsisi, na mtoto huyo huhesabiwa mahututi.

Ukubwa wa msiba huu umepimwa. Wataalamu waliohesabu maradhi ya mwaka 1 tu, yaani 2017, walikadiria kuwa watu milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, na milioni 11 kati yao walifariki. Katika hao waliofariki, watoto wasiotimiza miaka mitano walikuwa kiasi cha milioni 2.9. Na nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ni miongoni mwa zilizobeba mzigo mzito kuliko zote. Mwaka huo huo wa 2017 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali zote ziutambue ugonjwa huu na kuukinga.

Sasa yafaa kuzitazama figo, kwani hapo ndipo mashine inapoingia. Figo ni mbili, kila moja kiasi cha ngumi ya mwenyewe. Kazi yao ni kuchuja damu usiku na mchana, zirudishe kilicho chema na kutoa takataka na maji yaliyozidi, nayo ndiyo mkojo. Msukumo wa damu ukianguka, figo hukosa nguvu ya kuchuja. Hapo madhara matatu hukusanyika. La kwanza, chumvi iitwayo potasiamu huzidi katika damu, nayo ikizidi sana yaweza kuusimamisha moyo ghafula. La pili, tindikali hujaa. La tatu, maji hukosa njia ya kutokea. Uso huvimba, tumbo huvimba, na mapafu hulowa hata pumzi ikawa nzito kwa mtoto.

Je, binadamu aliwezaje kufikiri kwamba damu yaweza kutolewa nje ya mwili, ikasafishwa, kisha ikarudishwa na mtu akaishi? Jambo hili halikuvumbuliwa kwa siku moja. Mwaka 1861 mwanakemia wa Uskoti, Thomas Graham, alieleza jinsi utando mwembamba unavyoweza kupitisha vitu vidogo na kuzuia vikubwa. Mwaka 1924 daktari Georg Haas wa mji wa Giessen, Ujerumani, akawa wa kwanza kuijaribu njia hiyo kwa mwanadamu. Kisha wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi ya Uholanzi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, daktari kijana aitwaye Willem Kolff katika mji mdogo wa Kampen alitwaa mfereji wa selofani, ile inayotumiwa kufungia soseji, akauzungusha juu ya pipa linalozunguka ndani ya maji ya chumvi, akapitisha damu ndani yake. Hiyo ilikuwa mwaka 1943. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki, wala hakukata tamaa. Mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amezimia aliamka baada ya damu yake kusafishwa, akaishi.

Mashine hizo za kwanza zilikuwa na nguvu mno kwa mgonjwa aliye taabani, kwa kuwa zilivuta maji mengi kwa saa chache. Mwaka 1977 daktari Peter Kramer wa Göttingen, Ujerumani, alionyesha njia ya upole zaidi: damu itoke katika mshipa mkubwa, ipite polepole katika chujio dogo, irudi katika mshipa mwingine, na kazi hiyo iendelee mchana kutwa na usiku kucha. Hapakuwa na pampu. Moyo wa mgonjwa mwenyewe ndio uliosukuma. Baadaye pampu ziliongezwa, kwa sababu moyo wa mtu aliye katika mshtuko hauna nguvu ya kutosha. Katika mji wa Vicenza, Italia, njia hiyo ilitumiwa kwa mtoto mchanga mwaka 1984. Na katika mji huo huo, mwaka 2013, mtoto mwenye uzito usiofika kilo 3 alichujwa damu kwa mashine iliyotengenezwa makusudi kwa watoto wadogo.

Jinsi mashine inavyofanya kazi, mama yeyote wa jikoni aweza kufahamu. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kama samaki wa chumvi anapolowekwa: chumvi humtoka samaki ikaingia katika maji, na maji yakibadilishwa mara kwa mara, samaki hupungua ukali. Vivyo hivyo damu hupita upande mmoja wa utando, maji safi yaliyopimwa hupita upande wa pili, na takataka huhama kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Ya pili ni kama kukamua tui kwa kifumbu: maji husukumwa kwa nguvu yakapita katika matundu pamoja na kilichoyeyuka ndani yake, na machicha hubaki. Katika damu, kinachobaki ni chembe za damu na protini kubwa. Mashine za leo zaweza kutumia njia zote mbili pamoja.

Lakini mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kila kilo ya uzito wake ina kiasi cha mililita 80 za damu. Mtoto wa kilo 10, basi, ana damu isiyozidi sana mililita 800, yaani haijai chupa ya lita moja. Ikiwa mifereji ya mashine yahitaji mililita 100 kujaa, basi sehemu moja katika nane ya damu yake iko nje ya mwili wake. Kwa sababu hiyo mara nyingi mashine hujazwa kwanza damu ya mtu mwingine iliyotolewa kwa hisani. Tena hapana budi kutia mrija mnene katika mshipa wa shingo au wa paja. Damu itiwe dawa isigande ndani ya chujio, lakini isizidi ikaleta kutokwa na damu. Na mwili utiwe joto, kwani damu ikizunguka nje hupoa. Muuguzi mmoja hana budi kukaa karibu saa zote, akipima maji yanayoingia na yanayotoka.

Yamebaki mawili makubwa zaidi. Chujio halina akili. Halijui hiki ni sumu na hiki ni dawa. Dawa ile ile ya kuua vijidudu aliyopewa mtoto yaweza kutolewa na mashine, na daktari asipoongeza kipimo, vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. La pili, mashine haiui vijidudu. Ikiwa usaha umejaa kifuani au tumboni, kuchuja damu bila kuutoa usaha huo ni sawa na kukausha sakafu na ilhali paa lavuja.

Hapa ndipo penye suala lililowashughulisha matabibu kwa miaka mingi: damu ya mtoto huyu ichujwe lini? Liko jambo lisilo na ubishi. Potasiamu ikifika kiwango cha hatari, au tindikali ikizidi, au maji yakijaa mapafuni na dawa ya kuongeza mkojo isifae, mashine haina mbadala wa kusubiriwa. Ubishi uko kwa mtoto ambaye hajafika hapo. Wako waliosema: asingojewe, achujwe mapema, maana damu yake imejaa vichocheo vinavyochoma mwili, na vikitolewa upesi mshtuko utatulia. Na wako waliosema: mashine nayo ina hatari zake, na figo nyingine huamka zenyewe, kwa nini mtoto atiwe mrija asiouhitaji?

Jawabu la suala kama hili halipatikani kwa ufasaha wa msemaji, bali kwa kupima. Kwa watu wazima vipimo vimefanywa. Huko Ujerumani, mwaka 2016, wagonjwa 231 katika hospitali moja waligawanywa, na walioanza mapema walipona zaidi. Watu wengi walifurahi. Lakini mwaka huo huo, huko Ufaransa, wagonjwa 620 waligawanywa vivyo hivyo, na hapakuonekana tofauti ya vifo. Tena karibu nusu ya wale waliongojewa hawakuhitaji mashine kamwe. Mwaka 2018 Wafaransa waliwapima wagonjwa 488 wenye mshtuko wa sepsisi hasa, na matokeo yakawa yale yale: kuanza mapema hakukuokoa zaidi. Na mwaka 2020 uchunguzi wa nchi nyingi, wenye wagonjwa karibu 3,000, ulionyesha kuwa baada ya siku 90 vifo vilikuwa karibu sawa, kiasi cha 44 katika kila 100 kwa pande zote mbili, na walioanza mapema wengi zaidi walibaki wakitegemea mashine. Hata dhana ya kuchuja kwa nguvu zaidi ili kuondoa vichocheo ilijaribiwa: mwaka 2013 kipimo kikubwa kilishindanishwa na nusu yake, na kikubwa hakikushinda.

Ama kwa watoto, elimu yenyewe ni haba zaidi. Huko Marekani madaktari walikusanya habari za watoto 297 waliochujwa damu, wakazitoa mwaka 2010. Walipima kiasi cha maji yaliyozidi mwilini siku ya kuanza mashine. Watoto ambao maji hayo hayakufika sehemu 10 katika 100 za uzito wao, walifariki 29 katika kila 100. Waliokuwa na sehemu 20 au zaidi, walifariki 66 katika kila 100. Mtu aweza kusema haraka: basi mashine ianze kabla maji hayajajaa. Lakini mwenye busara huuliza: je, maji ndiyo yaliyoua, au mtoto aliyezidiwa zaidi ndiye aliyetiwa maji mengi zaidi? Hesabu kama hii yaonyesha moshi. Haionyeshi nani aliwasha moto.

Kwa hiyo wataalamu wa nchi mbalimbali walipoandika mwongozo wa sepsisi ya watoto mwaka 2020, walichagua maneno ya tahadhari. Walisema yafaa kuchuja damu ya mtoto mwenye mshtuko ili kuzuia au kutibu maji yaliyozidi, iwapo kupunguza maji anayopewa na dawa za mkojo havikufaa. Nao wakakiri kuwa ushahidi wake ni dhaifu. Kuchuja kwa kipimo kikubwa mno hawakukupendekeza. Lakini kuhusu dawa ya kuua vijidudu walikuwa na msimamo thabiti: mtoto mwenye mshtuko apewe dawa hiyo ndani ya saa moja tangu kutambuliwa.

Na katika jambo hili la maji, Afrika ya Mashariki imeifundisha dunia nzima. Kwa miaka mingi vitabu vya matabibu viliagiza mtoto mwenye mshtuko atiwe maji mengi kwa haraka katika mshipa. Hapakuwa na aliyepima kwa uhakika. Kuanzia mwaka 2009 madaktari wa Uganda, Kenya na Tanzania walishirikiana kulipima. Hospitali zilikuwa sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor katika Uganda, Kilifi katika Kenya, na Muheza katika Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waligawanywa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yaliwashangaza hata waliouanzisha uchunguzi. Katika watoto waliotiwa maji kwa haraka, kiasi cha 11 katika kila 100 walikuwa wamefariki baada ya saa 48. Katika wale waliopewa maji ya kawaida polepole, 7. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Wazazi wa watoto hao, wengi wao watu wa vijijini, walikubali watoto wao wapimwe, na kwa kukubali kwao watoto wa nchi nyingine wameepushwa na madhara. Hiyo ni sadaka ambayo haikuandikwa katika daftari lolote la michango.

Pengine mtu atauliza: mashine hizi ziko katika hospitali chache za miji mikubwa, na gharama yake ni kubwa, mtoto wa kijijini atafanyaje? Jawabu ni kwamba Mwenyezi Mungu ametia chujio jingine ndani ya mwili wenyewe. Tumbo limezungukwa kwa ndani na utando mwembamba wenye mishipa mingi ya damu. Maji safi yenye sukari na chumvi zilizopimwa hutiwa tumboni kwa mrija laini, yakakaa kwa muda, yakavuta takataka na maji yaliyozidi, kisha yakatolewa. Haihitaji pampu ya damu wala umeme mwingi, na kwa watoto wadogo hufaa sana. Mwaka 2012 vyama vya kimataifa vya madaktari wa figo vilianza mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa Afrika na Asia kuitumia njia hii kwa wenye figo zilizosimama ghafula. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kuwa mtoto wake atasafishwa kwa tumbo, asidhani amepewa kitu cha maskini. Amepewa kitu kinachofaa.

Yako makosa mawili ambayo hutokea katika nyumba za watu. La kwanza ni la yule asemaye kuwa aliyetiwa mashine amekwisha kufa, na hivyo hukataa. Huyo anakosea: figo za mtoto zilizosimama kwa sababu ya mshtuko mara nyingi huamka, na mashine ni ya kumvusha tu mpaka ng'ambo. La pili ni la yule aonaye kwamba daktari anayesubiri amezembea, akauza shamba na kukopa kwa jirani ili mtoto akimbizwe penye mashine. Huyu naye aweza kukosea. Daktari anayesubiri huku akipima mkojo kila saa, akiangalia potasiamu, akihesabu kila tone la maji, hajalala. Kusubiri kwa kuangalia ni tiba. Kusubiri bila kuangalia ndiko kuzembea. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa adabu: mtoto amekojoa kiasi gani? Maji yamezidi kiasi gani? Ni dalili gani itakayowafanya muanze mashine? Na je, dawa ya vijidudu ameipata saa ngapi?

Basi neno “mapema” lina maana mbili, na watu wasizichanganye. Mapema ya mashine, wenye elimu wangali wakiipima. Mapema ya kumfikisha mtoto hospitalini haina mjadala. Mtoto mwenye homa akianza kupumua upesi, akakataa ziwa au chakula, akalegea au akawa haamki sawasawa, akapata degedege, mikono na miguu ikawa baridi, ngozi ikawa na mabaka, au akapitisha nusu ya siku bila mkojo, asingojewe kuche. Bonyezeni ukucha wake kidogo kisha uachieni: wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, damu haifiki. Safari ianze usiku huo huo.

Na kabla ya hayo yote, kinga. Chanjo za surua, kichomi na homa ya uti wa mgongo, chandarua, maji safi, na kitovu cha mtoto mchanga kiwekwe safi bila kupakwa kitu: hivi ndivyo vichujio vya bei nafuu, tena havihitaji umeme. Jamaa wakitaka kusaidia zaidi, mambo mawili wanayaweza. La kwanza ni kutoa damu, kwa sababu mashine ya mtoto mdogo hujazwa damu ya mwingine, na damu hiyo haitengenezwi kiwandani. La pili ni gari, au hata pikipiki, ya kukubaliana katika kila mtaa, itakayombeba mtoto wa jirani saa nane ya usiku bila kuuliza nani atalipa mafuta.

Mtoto yule wa mfano, aliyeachwa alale mpaka kuche, hakukosa mashine kwanza. Alikosa mtu wa kuishika mikono yake, akatambua kuwa ubaridi ule si nafuu. Mashine ikiwapo au isiwepo, mtu huyo aweza kupatikana katika kila nyumba.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto walio vitandani, awape subira wazazi wao, na awape nuru waganga wao. Wassalaam alaykum.